Kelele za mashabiki si hesabu ya soko: Funzo la Firefly na Serenity

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA akiona watu wanalilia bidhaa iliyoondolewa sokoni, wazo la kwanza linalomjia ni kuirudisha bidhaa hiyo na kuvuna faida. Ni wazo la kawaida, na mara nyingine huwa sahihi. Lakini kuna kisa kimoja cha biashara ya televisheni na filamu nchini Marekani kinachoonyesha kwamba kilio cha wateja na ukubwa wa soko ni vitu viwili tofauti, na anayevichanganya anaweza kupoteza mtaji.

Kisa chenyewe ni cha Firefly, mfululizo wa hadithi za kubuni za kisayansi ulioanza kuonyeshwa na kituo cha Fox tarehe 20 Septemba 2002 na kufutwa Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2005 kampuni nyingine, Universal, ilitoa filamu ya kuuendeleza iliyoitwa Serenity.

Kwa zaidi ya miaka 20 mashabiki wake wamekuwa wakibishana: nani aliyeuua mfululizo ule? Filamu ilifaulu au ilishindwa? Kwa nini haikufuatiwa na ya pili? Sehemu kubwa ya mabishano hayo huendeshwa kwa hisia. Wiki hii ukurasa huu unayaweka kwenye mizani ya hesabu, kwa sababu ndani yake mna somo kwa mwenye duka, mwagizaji wa bidhaa na mwenye hisa chache.

BIDHAA YENYEWE

Firefly ilibuniwa na Joss Whedon, mtunzi aliyekwisha kujipatia jina kwa mfululizo wa Buffy the Vampire Slayer. Hadithi inatokea mwaka 2517. Nahodha Malcolm Reynolds, nafasi iliyochezwa na Nathan Fillion, alipigana vita katika upande ulioshindwa. Baada ya vita alinunua chombo kikuukuu cha anga cha aina ya Firefly, akakipa jina Serenity.

Ndani ya chombo hicho wanaishi watu tisa. Kazi yao kubwa ni kubeba shehena kutoka sayari moja hadi nyingine, za halali na za magendo. Wiki moja wana kazi, wiki nyingine hawana hata fedha ya kununulia kipuri. Mteja mmoja analipa, mwingine anatoa bunduki badala ya malipo. Juu yao kuna dola kubwa inayotaka kila mtu awe chini ya mkono wake.

Hakuna viumbe wa ajabu wenye macho matatu. Kuna farasi, mavumbi, na watu wanaochanganya Kiingereza na Kichina wanapotukana. Kwa maneno mengine, ni hadithi ya wafanyabiashara wadogo wanaohangaika kuishi hadi safari ijayo. Hilo ni moja ya mambo yaliyowafanya walioipenda waipende sana.

NANI MTEJA WA TELEVISHENI?

Ili kuelewa kwa nini ilifutwa, lazima kwanza tuelewe kituo cha televisheni cha aina ya Fox kinauza nini. Watu wengi hudhani kinauza vipindi kwa watazamaji. Sivyo. Mtazamaji hakulipa chochote kutazama Fox. Anayelipa ni kampuni inayotangaza sabuni, magari na vinywaji katikati ya kipindi. Kituo kinakusanya macho ya watu, kinayahesabu, kisha kinayauza kwa mtangazaji.

Kwa hiyo katika biashara hii mtazamaji si mteja, yeye ndiye bidhaa inayouzwa. Mteja ni mtangazaji. Na mtangazaji hununua idadi, hanunui mapenzi. Mtu anayekipenda kipindi kiasi cha kukilia na mtu anayekitazama huku anasinzia huhesabiwa sawa: kila mmoja ni kichwa kimoja.

Firefly ilipata wastani wa watazamaji kama milioni 4.7. Kwa msomaji wa hapa idadi hiyo ni kubwa mno, lakini katika soko la Marekani, nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 280, iliiweka chini kabisa katika orodha ya vipindi vya msimu ule, karibu na nafasi ya 98. Tena ilikuwa bidhaa ya gharama: vyombo vya anga, mandhari za kujengwa, mavazi ya kushonwa na waigizaji tisa wa kudumu. Mapato kidogo, gharama kubwa. Hesabu ya mwisho wa mwezi haikuhitaji mtaalamu.

Hata hivyo, mashabiki wana hoja, na hoja yao ina nguvu. Kipindi kiliwekwa Ijumaa saa 2 usiku, wakati ambao vijana wengi wa Marekani hawako nyumbani. Mara kadhaa nafasi yake ilichukuliwa na michezo. Na zaidi ya yote, hakikuonyeshwa kwa mpangilio. Sehemu ya kwanza, ya saa mbili, iliyotengenezwa ili kuwatambulisha wahusika na kueleza vita ilivyokwisha, ndiyo ilirushwa mwisho kabisa, tarehe 20 Desemba 2002, wakati uamuzi wa kuifuta ulikwisha kutolewa.

Ni sawa na kumuuzia mtu cherehani vipande vipande, ukaanza na kanyagio, kisha ukamlaumu kwa kutoshona. Kati ya vipindi 14 vilivyotengenezwa, Fox ilirusha 11 tu. Vitatu vilibaki ghalani.

Kwa mwanafunzi wa somo la masoko, hapa pana kosa la usambazaji. Bidhaa inaweza kuwa nzuri, bei ikawa nzuri, lakini ikiwekwa kwenye rafu ya nyuma na maelekezo yakachanganywa, haitatoka. Kosa la usambazaji likionekana kwenye vitabu hufanana kabisa na ukosefu wa mahitaji. Mwenye mali anaweza kuondoa bidhaa akidhani haitakiwi, kumbe haikuonekana.

SOKO LA PILI LAFUNGUKA

Mashabiki, wanaojiita Browncoats kwa kufuata makoti ya kahawia ya wapiganaji walioshindwa katika hadithi, hawakunyamaza. Walichangishana fedha na kuweka tangazo katika gazeti la Variety, linalosomwa na wakubwa wa biashara ya filamu, kuomba kipindi kisifutwe. Walituma barua na kadi. Jitihada za kukitafutia kituo kingine zilishindwa.

Lakini tarehe 9 Desemba 2003, mwaka mmoja baada ya kufutwa, seti ya DVD ilitolewa ikiwa na vipindi vyote 14, kwa mpangilio uliokusudiwa, pamoja na vile vitatu ambavyo Fox haikuvirusha. Katika miezi michache ya mwanzo seti zipatazo 200,000 ziliuzwa. Kufikia mwaka 2005 idadi ilikuwa imekaribia 500,000.

Hapa msomaji atazame kwa makini, kwani mambo yamegeuka. Katika DVD hakuna mtangazaji katikati. Mtazamaji sasa amekuwa mteja kamili: anatoa fedha mfukoni mwake na kubeba mali nyumbani. Katika soko hili mapenzi yana thamani, kwa sababu mtu asiyependa sana hanunui seti nzima. Watu milioni 4.7 waliokuwa hasara kwa Fox ya matangazo wangeweza kuwa faida kwa muuzaji wa DVD hata kama mmoja tu kati ya kumi angenunua.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Seti 500,000 ni kama moja kwa kila watazamaji tisa au kumi wa awali, ingawa si lazima wanunuzi wawe wale wale, kwa kuwa wengi walikopeshana na kuonyeshana majumbani.

Somo la kwanza basi ni hili: bidhaa ile ile, wateja wale wale, inaweza kuwa hasara katika mfumo mmoja wa malipo na faida katika mfumo mwingine. Kabla ya kusema "biashara hii hailipi", uliza kwanza inalipwaje.

HESABU YA FILAMU

Mauzo ya DVD yaliwapa nguvu waliokuwa wakitaka kuirudisha hadithi ile. Universal ilikubali kutengeneza filamu kwa gharama ya takriban dola za Marekani milioni 39. Kwa filamu ya vyombo vya anga, hicho hakikuwa kiasi kikubwa. Whedon aliiandika na kuiongoza mwenyewe, na waigizaji wote tisa walirudi.

Mbinu ya mauzo ilikuwa ya kuvutia. Miezi kadhaa kabla ya filamu kutoka, Universal ilifanya maonyesho ya awali kwa ajili ya mashabiki: Mei 2005 katika miji 10, baadaye mwezi huo katika miji 20, na Juni katika miji 35. Tiketi zilikwisha haraka. Yeyote aliyesimama nje ya jumba la sinema siku zile angeapa kuwa filamu hii itavunja rekodi.

Ilitoka Marekani tarehe 30 Septemba 2005. Hesabu zake kwa ufupi ni hizi, kwa dola za Marekani:

Gharama ya kutengeneza: takriban milioni 39
Mapato ya siku tatu za mwanzo, Marekani: milioni 10.1
Mapato yote ya sinema, Marekani: milioni 25.5
Mapato yote ya sinema, dunia nzima: takriban milioni 40

Mtu asiyeijua biashara hii ataangalia mstari wa kwanza na wa mwisho na kusema, "Wametumia 39, wamepata 40, wamerudisha mtaji." Huu ndio mtego ambao mashabiki wengi huuingia katika mabishano yao. Milioni 40 ni fedha zilizoingia dirisha la tiketi. Mwenye jumba la sinema hachukui tiketi za bure. Kwa makadirio ya kawaida, karibu nusu ya fedha hubaki kwake. Kwa hiyo sehemu ya Universal ilikuwa kama milioni 20. Na katika milioni 39 za gharama hakuna hata senti ya matangazo, mabango na nakala za filamu zilizopelekwa kwenye majumba. Hizo ni gharama za pembeni.

Tuipige hesabu kwa njia nyingine. Bei ya wastani ya tiketi ya sinema Marekani mwaka 2005 ilikuwa dola 6.41. Ukigawanya milioni 25.5 kwa bei hiyo, unapata tiketi zipatazo milioni 4. Ili sehemu ya Universal ifikie dola milioni 39, dirisha la tiketi lilihitaji kukusanya kama milioni 78. Kwa bei ya Marekani hizo ni tiketi zaidi ya milioni 12.

Weka namba hizi pamoja. Mfululizo ulifutwa kwa kuwa na watazamaji milioni 4.7 ambao hawakulipa chochote wala kutoka nyumbani. Filamu iliuza Marekani tiketi milioni 4, nyingine kwa watu wale wale waliorudi mara ya pili na ya tatu. Ilihitaji jumla ya zaidi ya milioni 12. Mashabiki walikwenda. Kila aliyetegemewa kwenda alikwenda, na baadhi wakaenda na majirani. Isipokuwa idadi yao tangu mwanzo haikutosha kuibeba bidhaa ya ukubwa ule katika soko lile.

Kuna hesabu moja zaidi inayofaa kutajwa. Tukichukulia kwa mfano tu kwamba kila seti ya DVD ilitazamwa na watu watatu, seti 500,000 ni watu milioni 1.5. Tiketi za siku tatu za mwanzo zilikuwa kama milioni 1.6. Mfano si ushahidi, lakini unaonyesha kwamba mtu aliyekuwa na takwimu za DVD mezani angeweza kukisia mauzo ya wikiendi ya kwanza bila kwenda kwa mganga. Kilichobaki gizani ni watu wangapi wasio mashabiki wangefuata. Jibu likawa: tiketi nyingine kama milioni 2.4.

Ni haki kusema kwamba dirisha la tiketi si mwisho wa hesabu. DVD ya filamu ilitoka tarehe 20 Desemba 2005, chini ya miezi mitatu baadaye, na enzi hizo DVD ilikuwa chanzo kikubwa cha mapato kwa kampuni za filamu. Bidhaa nayo ilikuwa na ubora unaotambulika, kwani mwaka 2006 ilishinda tuzo ya Hugo, inayoheshimika sana katika fani hii. Ubora, basi, haukuwa tatizo. Lakini uamuzi wa kutoa filamu ya pili hutegemea sana sinema, na sinema haikutoa ishara.

WANACHOBISHANIA MASHABIKI

Mabishano yao yamegawanyika katika makundi makuu matatu.

Kundi la kwanza linalaumu matangazo. Linasema kampuni iliwategemea mno mashabiki kuwa wapiga debe, ikasahau mtu asiyejua Firefly ni nini. Filamu yenyewe haikubeba jina la Firefly. Mpita njia aliyeona bango la Serenity, neno lenye maana ya utulivu, hakujua ni hadithi ya vita angani au ya watawa. Hoja hii ina uzito. Mteja wa zamani hukuletea mteja mpya, lakini hawezi kugeuzwa kuwa idara nzima ya mauzo.

Kundi la pili linasema filamu haikuwa chombo sahihi. Siri za msichana River na chanzo cha watu katili waitwao Reavers, mambo yaliyotosha vipindi vya msimu mzima, yalibanwa ndani ya saa mbili. Kundi hili lingependa vipindi vichache vya gharama ndogo kwa ajili ya soko la DVD lililokwisha kuthibitika. Kibiashara, hoja yao ni kwamba kampuni ilitoka kwenye soko lililokuwa likilipa, ikaingia kwenye soko lisilojulikana.

Kundi la tatu linaumizwa na vifo. Wahusika wawili kati ya tisa, rubani Wash na mhubiri Book, wanauawa katika filamu. Wapo wanaosema bila vifo hivyo hadithi isingekuwa na uzito. Wengine wanasema mwenye duka hachomi sehemu ya ghala yake siku ya ufunguzi. Huu ni ubishi usio na mshindi, lakini unaonyesha mgongano uliopo kati ya kazi ya sanaa, inayotaka kufika mwisho, na biashara ya mfululizo, inayotaka isifike.

KWA NINI STAR TREK IKAWEZA?

Mara nyingi shabiki wa Firefly humtajia mwenzake Star Trek. Hiyo nayo ilifutwa, na kituo cha NBC mwaka 1969, baada ya misimu mitatu. Miaka kumi baadaye, 1979, ikatolewa filamu yake ya kwanza, ikaingiza takriban dola milioni 139 duniani. Zikafuata filamu nyingine nyingi. Kwa nini hii iliweza na ile ikashindwa?

Jibu moja liko ghalani. Star Trek ilifutwa ikiwa na vipindi 79. Vituo vidogo vya miji mbalimbali viliweza kuvinunua na kuvirudia kila siku. Kituo kinachorusha kipindi kimoja kwa siku, siku tano kwa wiki, kinatumia karibu wiki 16 kumaliza vipindi 79. Wakati vinarudiwa, mtazamaji mwingine amekua, mwingine amehamia mjini, na hadhira inaongezeka bila gharama mpya ya uzalishaji. Vipindi 14 huisha kabla ya wiki ya tatu kumalizika. Hakuna kituo kinachojenga ratiba juu ya mzigo mdogo namna hiyo.

Jibu la pili ni muda. Star Trek ilikuza wateja kwa miaka kumi kabla ya kuwadai fedha za tiketi. Firefly ilipewa chini ya mitatu. Kama mti wa mnazi, mtaji wa aina hii hauharakishwi.

MWENYE MALI NI NANI?

Somo linalowahusu zaidi wafanyabiashara wadogo liko kwenye umiliki. Haki za mfululizo zilibaki Fox. Haki za filamu zilikuwa Universal. Mashabiki walikuwa na mapenzi, lakini mapenzi hayaandikwi kwenye hati.

Mwaka 2006, kijasiriamali kimoja cha shabiki kilichouza fulana na michoro inayohusu filamu kilipata barua ya kisheria kutoka upande wa Universal kikitakiwa kuacha na kulipa. Browncoats walijibu kwa namna iliyowachekesha wengi: walijumlisha saa walizotumia kuitangaza filamu bila malipo, wakapata zaidi ya saa 28,000, wakaandika ankara ya zaidi ya dola milioni 2. Ankara hiyo ilikuwa utani wenye uchungu. Kazi ilifanyika kweli, faida yake kwa kampuni ilikuwa ya kweli, lakini hapakuwa na mkataba. Kazi isiyo na mkataba haina bei mahakamani.

Mwaka 2013 lilitokea la kofia. Katika kipindi kimoja kati ya vile vitatu ambavyo Fox haikuvirusha, mhusika Jayne anapokea kutoka kwa mama yake kofia ya kufuma ya rangi ya chungwa na njano, yenye vifuniko vya masikio. Kofia hiyo ikawa alama ya mashabiki. Kwa karibu miaka kumi, wafumaji wadogo waliitengeneza kwa mkono na kuwauzia wenzao. Kisha Fox ikatoa leseni kwa kampuni ya Ripple Junction kuizalisha kiwandani. Wafumaji wakaanza kupata barua za kuwataka waache. Duka la ThinkGeek, lililokuwa likiuza kofia za kiwandani, lilipoona hasira za wateja lilitangaza kuwa faida ya kofia hizo itakwenda kwenye maonyesho ya hisani ambayo mashabiki wamekuwa wakiyaandaa tangu 2006 kulisaidia shirika la Equality Now.

Ni rahisi kumhurumia mfumaji, na anastahili kuhurumiwa. Yeye ndiye aliyegundua kuwa kofia inauzika, na ndiye aliyelea soko lake wakati mwenye haki amelala. Lakini kisheria alikuwa amejenga kibanda kwenye kiwanja cha mtu. Mwenye kiwanja anaweza kunyamaza miaka kumi kisha akaja na karatasi. Anayeshona, anayechapa au anayechora kwa kutumia jina au alama ya mwingine ajue kwamba jinsi anavyothibitisha kuwa bidhaa inalipa, ndivyo anavyomwita mwenye haki. Dawa ni leseni mapema, wakati mwenye mali bado haoni thamani yake na bei iko chini, au kutengeneza alama yako mwenyewe.

MWENYE HISA AFANYE NINI?

Wapo wanaosikia sifa za filamu wakakimbilia hisa za kampuni. Wakati Serenity inatoka, Universal ilikuwa sehemu ya NBC Universal, na asilimia 80 ya NBC Universal ilikuwa mali ya General Electric, kampuni ya mitambo na injini za ndege yenye mapato ya zaidi ya dola bilioni 140 kwa mwaka. Hata kama filamu ingeingiza mara kumi ya ilivyoingiza, mwenye hisa asingeona tofauti kwenye gawio lake. Huwezi kununua hisa ya filamu moja kwa kununua hisa ya kampuni mama, kama vile huwezi kununua samaki mmoja kwa kununua bahari.

Tena wenye mali hubadilika. Universal ilichukuliwa na Comcast kwa hatua kati ya 2011 na 2013. Machi 2019 Disney ilikamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya kampuni ya 21st Century Fox kwa zaidi ya dola bilioni 71, na Firefly ikaingia ndani ya mfuko huo kama punje ndani ya gunia. Mfululizo ukawa kwa mmoja, filamu kwa mwingine, na wawili hao ni washindani. Anayetaka kuifufua hadithi hii yote kwa pamoja lazima abishe hodi milango miwili.

Njia moja ya kupunguza kubahatisha ilijitokeza mwaka 2013. Waliotaka filamu ya Veronica Mars, mfululizo mwingine uliofutwa, waliombwa kuchangia kabla haijatengenezwa. Watu zaidi ya 91,000 walitoa jumla ya dola milioni 5.7, wastani wa kama dola 62 kila mmoja. Filamu ikatengenezwa kwa ukubwa uliolingana na mfuko, ikatoka Machi 2014. Wachangiaji hao hawakupewa hisa wala gawio, na hilo ni muhimu kulifahamu. Walinunua bidhaa kabla ya kutengenezwa, basi. Lakini kwa upande wa mzalishaji, mapenzi yalipimwa kwa fedha taslimu kabla ya mtaji kutoka.

MASWALI MANNE

Kwa hiyo, kabla hujaweka fedha kwenye bidhaa inayoliliwa, iwe ni filamu, kitenge cha zamani au kinywaji kilichoondoka sokoni, jiulize maswali manne.

Kwanza, wanaolilia ni wangapi? Usipime kwa sauti. Watu mia wanaopiga kelele husikika kuliko watu elfu wanaonunua kimya kimya. Tafuta takwimu ya mauzo, hata ndogo.

Pili, bidhaa ilianguka kwa sababu haikutakiwa, au kwa sababu haikufikishwa? Kama ni la pili, nafasi bado ipo. Kama ni la kwanza, kuirudisha ni kurudia hasara.

Tatu, ukubwa wa mtaji unalingana na ukubwa wa kundi? Wateja nusu milioni waaminifu ni utajiri kwa anayeuza DVD na ni msiba kwa anayehitaji tiketi milioni 12. Kundi lilikuwa lile lile, kilichobadilika ni chungu kilichowekwa jikoni.

Nne, haki za bidhaa ziko kwa nani, na una karatasi gani mkononi? Bila karatasi, kila unachokijenga ni mali kauli, na siku ya kuitwa ikifika huna jibu.

Mashabiki wa Firefly hawajanyamaza. Maonyesho yao ya hisani yamekusanya zaidi ya dola milioni 1 kwa miaka yote, kiasi ambacho vipindi vingi vilivyoishinda Firefly mwaka 2002 havikuwahi kukusanyiwa na yeyote. Uaminifu wa namna hiyo ni rasilimali ya kweli, na mfanyabiashara mwenye wateja wa aina hii awatunze kama mboni ya jicho. Ila awahesabu kwanza.